UZI: Mtoto wa Amu (Lamu) akiingia chuo kikuu, msaada uko wapi na asome vipi

Mwanzisha uzi (Langoni, Lamu)

Assalamu alaykum jamaa zangu wa Amu, wa Malindi, na nyote mlioko bara.

Barua za kuitwa chuo zimetoka. Tangu wiki iliyopita nimejiwa na vijana watano pale barazani kwetu, kila mmoja na simu mkononi, barua imo ndani ya simu, na swali lao ni moja: tujiandae vipi? Nimewajibu mmoja mmoja mpaka sauti ikakauka, nikaona bora niandike mara moja wote wasome. Mambo ya godoro, ndoo na sanduku mama zenu wanayajua kuliko mimi. Mimi nataka kusema lile ambalo sikuambiwa na mtu.

Watoto wetu hawaanguki kwa kukosa akili. Nimekaa nao, nawajua. Wanaangushwa na haya. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasumbuliwi. Ukienda nyumba ya mtu unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi zako, na huo ndio ustaarabu. Ni malezi mema na sitaki yaondoke. Lakini chuo kikuu hodi tatu hazitoshi. Kule milango ya msaada ni mingi, imeshalipiwa ndani ya karo yako, na hakuna atakayekufuata hostelini kukwambia ipo.

Mwaka wangu wa kwanza nilianguka yuniti moja ya uchumi. Chuo sikitaji. Nilipata 34, na alama ya kupita ni 40. Na kitabu nilikuwa nimekisoma mara tatu, nimekipaka kalamu ya manjano mpaka kurasa zimelowa. Nililia, sifichi. Kisha wiki tatu nzima nikawa napita mbele ya mlango wa mhadhiri bila kugonga. Mlangoni palikuwa na karatasi imebandikwa, pembe moja imebanduka, imeandikwa kwa mkono: Wanafunzi, Jumanne, saa nane hadi saa kumi. Jumanne ya kwanza nikasikia anazungumza na simu, nikaondoka. Ya pili mlango ulikuwa wazi, nikajifanya natafuta namba ya chumba. Ya tatu yeye ndiye aliyeniita: "Wewe kijana, ingia."

Akatoa karatasi yangu ya jaribio la muhula, akaweka kidole chini ya neno la kwanza la swali. "Soma hapa." Nikasoma: Jadili. "Na wewe umefanya nini?" Nikatazama jibu langu. Nilikuwa nimetaja. Sababu sita, moja chini ya nyingine, kama mtu aliyeandikiwa vitu vya kununua sokoni. "Sababu zako zote ni sawa," akaniambia, "ila hujanionyesha moja inazaaje nyingine, wala ipi ina uzito zaidi." Dakika 10 hazikufika. Miaka 12 ya shule nilikuwa sijalielewa hilo, na muda ule wa Jumanne ulikuwepo tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Basi hilo la kwanza: wiki ya pili, kabla hujaharibikiwa na kitu, nenda ukajitambulishe kwa wahadhiri wako. Nenda na swali moja dogo kutoka somo la juzi. Ukishaingia mara moja mlango ule haukutishi tena.

La pili ni namna ya kusoma, na hapa nina maneno.

Kwetu neno chuo lilikuwa la madrasa kabla halijawa la digrii. Wazee wakisema mtoto yuko chuoni, maana yao yuko kwa maalimu. Kumbukeni tulivyosoma kule. Unaisoma aya, unafunika, unaisema bila kutazama. Kisha unakwenda mbele ya maalimu unasikizwa. Ukikwama anakurudisha ulipokosea, si mwanzo. Kesho yake kabla hujapewa jipya unasikizwa la jana, na mwisho wa wiki unasikizwa la wiki nzima. Ndiyo maana mpaka leo unaamshwa usiku wa manane na sura zako unazo.

Halafu tukaenda chuo kikuu tukaiacha njia hiyo, tukashika kalamu za rangi. Kusoma na kurudia kusoma. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojisikiza walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Niliposoma hilo nikamkumbuka maalimu wangu na bakora yake. Hakuwa na maabara, lakini alijua.

Kwa hivyo fanya hivi. Siku ile ile ya somo, kabla ya Isha, funga daftari. Chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka, hata kama ni mistari minne. Ndipo ufungue daftari, ulichosahau ukiandike kwa wino mwekundu. Baada ya siku mbili jisikize tena, baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Ule wekundu utauona unapungua. Tahadhari moja: kuhifadhi maneno ya mhadhiri kama yalivyo hakutoshi. Jieleze kwa maneno yako, na kila unapomaliza sentensi jiulize kwa nini. Hapo ndipo jadili inapotoka.

Na mkae darsa. Watu wanne, si kumi. Kila mmoja apewe mada moja awasomeshe wenzake bila kushika karatasi. Anayesomesha ndiye anayefaidi zaidi, kwa hiyo mzunguke.

Nitaendelea baada ya Magharibi. Mwenye swali aulize.

Wa Faza

Kaka, ahsante sana. Hilo la hodi limenichoma kwa sababu ni mimi kabisa. Lakini niko mwaka wa kwanza, muhula wa pili, na ukumbini tuko zaidi ya 300. Mhadhiri anaingia na kipaza sauti, anatoka na kipaza sauti. Karatasi mlangoni kwake haipo. Nimpate wapi mtu kama huyo?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Faza, ni kweli, na hali hiyo si ya chuo kimoja. Anza na kiongozi wa darasa lenu, muulize mhadhiri hupatikana lini na wapi. Ukikosa, kuna wahadhiri wasaidizi wanaofundisha vikundi vidogo, na mara nyingi wana subira zaidi kwa kuwa juzi juzi tu walikuwa wanafunzi. Ukikosa tena, mwandikie barua pepe. Wengi wetu tunakosea hapa: tunaandika "Hujambo mwalimu, sijaelewa somo". Atakujibu nini? Andika namna hii, kwa lugha mnayosomea:

"Kwa heshima, mimi ni fulani, namba yangu ya usajili ni hii, niko katika yuniti hii ya Jumatatu asubuhi. Katika somo la wiki ya 4 ulieleza kwamba bei ikipanda mahitaji hupungua. Nimejaribu swali la 3 nikapata mahitaji yanaongezeka. Nimeambatanisha picha ya hesabu yangu. Nimekosea hatua gani? Naweza kuja ofisini siku yoyote baada ya saa nane."

Umejitaja, umetaja somo, umeonyesha jasho lako, umeuliza kitu kimoja. Barua kama hiyo hujibiwa kwa mstari mmoja, na mhadhiri mwenye wanafunzi 300 mstari mmoja anao. Asipojibu, ngoja wiki, tuma tena kwa adabu ile ile. Yuko chuoni kuwasomesha, humwombi fadhila.

Mama wa Barani, Malindi

Wanangu, mimi si msomi lakini nimefuata maneno haya yote. Nina binti yangu chuoni, huu ni mwezi wake wa pili. Kila nikimpigia analia. Chakula hali vizuri, usiku halali, anasema nimtumie nauli arudi nyumbani. Baba yake anasema ni uvivu. Mimi moyo wangu unaniambia si uvivu. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Moyo wako usiudharau. Upweke wa muhula wa kwanza ni kitu kizito, hasa kwa mtoto aliyezoea nyumba yenye watu, leo analala chumba kimoja na wageni, hakuna anayejua jina la bibi yake.

Mpigie leo, lakini usianze na masomo. Muulize amekula nini jana na leo, na amelala saa ngapi. Kisha muulize kama anajua ilipo ofisi ya ushauri nasaha. Vyuo vikuu vyetu vina washauri walioajiriwa kwa kazi hiyo, mwanafunzi halipi anapoingia, na anayosema ni siri yake. Si ofisi ya wenye wazimu, mama. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, kwa sababu huenda ndilo linalomzuia. Akiona haya kwenda peke yake, aende na mwenzake wa chumbani. Kama hawezi hata hilo, wewe una haki ya kupiga simu ofisi ya mkuu wa wanafunzi, useme jina la mtoto na ueleze hali yake. Wazazi wengi hawajui kuwa wanaweza kupiga.

Na ukisikia neno lolote la kutaka kujidhuru, usingoje ofisi ifunguliwe. Panda matatu uende, au mtume ndugu aliye karibu akakae naye usiku huo huo.

Ikija kuthibitika kwamba lazima apumzike, basi asiondoke kimya kimya. Kuna fomu ya kuahirisha masomo. Akiijaza na kukubaliwa, nafasi yake inamngoja. Akipotea tu bila fomu, atahesabiwa amekimbia, mitihani yote itaandikwa hakufanya, na kurudi kutakuwa mlima. Nimeona wasichana wawili wazuri sana wamepoteza nafasi zao hivyo, na bado jambo hilo linaniuma.

Mama wa Barani, Malindi

Marahaba mwanangu. Nampigia sasa hivi.

Wa Mpeketoni

Hongera kwa uzi. Mimi naomba tuzungumze pesa. Mengine yote yanataka mtu awe amekula.

Mwanzisha uzi

Umesema kweli, na samahani sikuanza nalo.

HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, wengi wanaijua. Wasiojua ni kwamba kuomba mara moja hakutoshi. Kila mwaka wa masomo unaomba upya. Kuna kijana wa hapa Mkomani alikaa mwaka wa pili mzima akingoja pesa ziingie, kumbe hakuomba. Mkopo wa digrii ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na walio vyuo vya ufundi nao huomba. Tangu 2023 msaada wa serikali hugawanywa kwa kutazama uwezo wa nyumba: sehemu ni ufadhili usiorudishwa, sehemu ni mkopo. Kwa hiyo jaza ukweli wa nyumba yenu. Mvuvi hana hati ya mshahara, na kuandika kwamba kipato chake hubadilika na msimu wa kusi na kaskazi si aibu. Ukiwekwa daraja la uwezo lisilo lako, kata rufaa mapema na uambatanishe ushahidi.

Kisha kuna basari, yaani msaada wa karo. Mfuko wa maendeleo wa eneo bunge (sisi Lamu tuna mawili, Mashariki na Magharibi) na basari ya kaunti. Pesa hizi huenda moja kwa moja chuoni, hupewi mkononi. Fomu yangu ya kwanza ilirudishwa na ofisi moja kwa kukosa muhuri mmoja. Nikavuka kwenda Mokowe, nikarudi, nikavuka tena, na nauli ya boti ikawa yangu. Mara ya tatu siku zikawa zimekwisha. Tangu hapo nina bahasha ya plastiki yenye nakala tano tano za kila kitu: kitambulisho changu, vya wazazi, barua ya kuitwa chuo, muundo wa karo, matokeo ya muhula uliopita. Bahasha hii imenisaidia kuliko mtu yeyote niliyemjua ofisini.

Na huko chuoni uliza kazi za wanafunzi. Baadhi ya vyuo huwalipa wanafunzi wenye shida kwa saa chache maktabani, jikoni au ofisini. Nafasi ni chache na hutangazwa kwenye ubao ambao hakuna anayeusoma.

Mkutubi, Malindi

Nimekuwa mkutubi kwa miaka mingi na ningependa kuongeza kidogo, kwa sababu maktaba ndiyo mali mnayoiacha zaidi.

Mwanafunzi akiniambia kitabu hakipo, mara nyingi maana yake amekitafuta rafuni tu. Vyuo vyetu vingi ni wanachama wa muungano wa maktaba uitwao KLISC, na kupitia huo mnapata majarida na vitabu vya kidijitali ambavyo mtu wa nje angevinunua kwa dola. Vingi hutumia programu ya MyLOFT: unasajiliwa na maktaba yako, unaiweka kwenye simu, na unasoma hata ukiwa kwenu Kizingitini. Nendeni wiki ya kwanza mkasajiliwe, msingoje wiki ya kazi mradi. Ukiwa na intaneti ya chuo pakua kila unachohitaji kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani. Bando ni ghali na njia ya Garsen hadi Hindi mtandao hukatika.

Kwa vitabu vya mwaka wa kwanza vya hesabu, baiolojia, fizikia, uchumi na saikolojia, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice huvitoa bure kabisa na kihalali. Mitihani iliyopita pia iko maktabani au kwenye tovuti ya maktaba. Ifanye kwa saa, daftari limefungwa, kama alivyosema kaka hapo juu.

Na niseme hili kwa uchungu. Siku hizi naletewa orodha za vitabu nizitafute, natafuta mchana kutwa, kumbe havijawahi kuandikwa. Mwanafunzi ameuliza programu ya akili bandia, nayo imemtungia majina. Ikusaidie kuelewa somo, sawa. Lakini usiandike rejeleo ambalo hukulifungua kwa macho yako.

Walio likizo Lamu, Ngome ya Lamu ina maktaba yake. Ni mahali patulivu pa kusoma na kuta zake nene huzuia joto.

Wa Faza

Mkutubi, ahsante, MyLOFT sikuijua hata kwa jina. Kaka, swali la mwisho. Muhula uliopita niliugua homa ya matumbo siku ya mtihani mmoja, nikalala hospitali siku tatu. Naambiwa nitafanya sapu. Ndiyo hiyo tu?

Mwanzisha uzi

Hapana, ngoja. Usikubali haraka. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akaanguka, na katika vyuo vingi hata ukipata 80 huandikwa 40. Wewe hukufanya kwa ugonjwa, na wako ni mtihani maalumu, ambao alama zako huandikwa kama ulivyopata. Tofauti hiyo inaweza kukushusha daraja zima siku ya mahafali. Barua ya hospitali unayo? Kama huna, rudi ukaiombe, rekodi yako wanayo. Ipeleke kwa mwenyekiti wa idara na nakala kwa msajili, pamoja na barua yako. Kila karatasi unayotoa ipigwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Kuna siku ya mwisho ya kuomba, imo kwenye kitabu cha kanuni ulichopewa ulipojiunga, kile ambacho sote tulikitia chini ya godoro. Kitoe leo usome sehemu ya mitihani. Ikiwa siku zimepita, andika hivyo hivyo, eleza ulikuwa umelazwa.

Na matokeo yakitoka, kagua yuniti moja moja kwenye tovuti ya chuo muhula huo huo. Alama hupotea. Mimi moja yangu ilionekana mwaka wa nne, wiki mbili kabla ya orodha ya mahafali kufungwa, na ilionekana kwa sababu nilikuwa nimeweka karatasi ya jaribio na nilisaini daftari la mahudhurio ya mtihani. Mwenzangu hakuwa na kitu cha kuonyesha, akahitimu mwaka uliofuata.

Wa Faza

Barua ya hospitali ninayo. Nimeipata sasa hivi ndani ya begi. Naandika.

Mama wa Barani, Malindi

Wanangu, nimezungumza naye saa nzima. Alikuwa hajala tangu juzi, pesa zimemwishia na aliona haya kuniambia. Nimemtumia kidogo. Kesho anakwenda kwa mshauri na mwenzake wa chumbani, msichana wa Kitui, ameniahidi kwa simu kwamba atampeleka mwenyewe. Baba yake amesikia yote, amenyamaza.

Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi. Mama, mshukuru sana huyo msichana wa Kitui kwa niaba yetu, na Ijumaa tuandikie tujue hali yake.

Kwa wanaoanza mwaka huu: Jumamosi baada ya Alasiri niko barazani kwetu Langoni, tutajaza fomu za basari pamoja. Njooni na vitambulisho vya wazazi, barua ya chuo na simu yenye chaji. Nakala nitalipia za kumi wa mwanzo. Wa Faza, Siyu na Kizingitini, tazameni maji kabla ya kuondoka. Mkikwama kwenye mlango wa bahari wa Mkanda msirudi nyumbani, nitangoja mpaka Isha.